Gari Linapolia: Kuisikiliza "Foo Wili" Kuukuu Kabla ya Kulipa

Katika malalamiko ya walaji walionunua magari yaliyokwisha kutumika, neno linalorudi mara kwa mara ni "linalia." Mnunuzi amelipa, amelifikisha gari nyumbani, na siku ya tatu gari linalia. Fundi wa kwanza anasema difu imekufa. Mnunuzi anauza ng'ombe, ananunua difu, difu inafungwa, na gari linaendelea kulia kama mwanzo, kwa sababu kilichokuwa kikilia ni beringi ya gurudumu, au krosi iliyokauka grisi, au pengine ni matairi tu. Hapo fedha imekwisha kutoka mara mbili, na mlaji hana karatasi hata moja inayoeleza gari lilikuwa likilia vipi siku alipolichukua.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya anayekusudia kununua gari kuukuu linalosukumwa kwa magurudumu yote manne, lile ambalo wengi wetu huliita "foo wili", na kwa ajili ya anayelimiliki tayari. Halikusudii kumgeuza msomaji kuwa fundi. Linakusudia kumfundisha kusikiliza kwa utaratibu na kuandika aliyoyasikia, fedha ikiwa bado mfukoni.

Jambo hili lina uzito wa kisheria ambao walaji wengi hawaufahamu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo: bidhaa inapaswa kuwa na ubora unaostahili kuuzwa. Lakini ulinzi huo una mpaka. Mnunuzi aliyeikagua bidhaa kabla ya kununua hawezi kutegemea kinga hiyo kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo aliyeliendesha gari dakika tano kuzunguka uwanja wa muuzaji, redio ikiwa wazi, akasema "niko radhi", huenda amejifungia mlango mwenyewe. Na anayenunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara wa magari, au mnadani ambako gari huuzwa jinsi lilivyo, ana kinga ndogo zaidi. Sikio lake ndilo wakili wake.

Tumechagua kulitolea somo hili mifano ya Tabora, na si kwa bahati. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo ilifika hapa, enzi hizo mahali hapa pakijulikana kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ikapumzika, ikaajiri wapagazi wapya na kufunga upya mizigo kabla ya kuelekea Ujiji. Burton na Speke walifika Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, miezi kadhaa ya mwaka 1872 akiwasubiri wapagazi. Tabora ulikuwa mji wa kujikagua kabla ya safari ndefu, na kwa mwenye gari bado uko hivyo. Barabara ya Nzega, ya Urambo, na ile ya Sikonge hadi Mpanda sasa ni za lami. Lakini ukiiacha lami hatua chache unaingia kwenye mchanga, tope jeusi la mbuga na njia za miombo zipitwazo na wabeba tumbaku na asali. Ndiyo maana Land Cruiser na Land Rover za zamani, zilizokwisha kuitumikia miradi, misheni na idara za Serikali, hupata mnunuzi wa tatu na wa nne huku.

Lami yenyewe imeleta jambo jipya. Zamani kishindo cha changarawe kilifunika kila kitu, na mtu aliweza kuendesha difu iliyochakaa miaka mingi bila kuisikia. Sasa gari lilelile likipanda lami ya Sikonge, mwenyewe anashtuka: linavuma! Mara nyingi gari halikuharibika siku hiyo. Siku hiyo ndipo liliposikika.

Nguvu inavyosafiri

Mlio hauwezi kutafutwa na asiyejua njia yake. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita klachi, huingia giaboksi, kisha sanduku dogo la kugawa nguvu ambalo mafundi huliita transfa. Toka hapo propela shafti moja huenda nyuma na nyingine mbele. Kila propela shafti ina krosi, yaani viungo vyenye umbo la msalaba, na kila moja huishia kwenye difu yake. Difu huigawa nguvu kulia na kushoto kupitia ekseli hadi kwenye habu na gurudumu. Kwa mbele, ambako magurudumu hukata kona, ekseli ina kiungo cha duara kinachoiruhusu kupinda ikizunguka.

Tofauti moja ni lazima ifahamike kabla ya jaribio lolote. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1984, husukuma kwa magurudumu ya nyuma peke yake mpaka dereva atakapoingiza gia ya magurudumu manne, na habu zake za mbele mara nyingi zina kitasa cha kuzungusha kwa mkono. Land Rover Defender husukuma kwa magurudumu manne muda wote na ina difu ya tatu katikati. Muulize muuzaji, kisha utazame mwenyewe habu za mbele na mkono wa transfa. Asiyejua gari lake ni la aina ipi atasikia kasoro pasipo na kasoro, kama tutakavyoona.

Safari ya kusikiliza

Omba kuliendesha gari nusu saa au zaidi, na uombe kulikuta injini ikiwa baridi. Sababu ni mbili. Iko milio inayosikika gari likiwa baridi pekee, na muuzaji aliyekwisha kulizungusha asubuhi amekwisha kuificha. Pia iko hila ya zamani ya kutia oili nzito kupita kiasi, au hata unga wa mbao, ndani ya difu au giaboksi ili kuinyamazisha. Oili ikipata joto na kuwa nyepesi, mlio huanza kurudi. Dakika tano hazitoshi kuifichua hila hiyo. Zima redio na kipoza hewa. Ondoa ndani ya gari jeki, minyororo na chupa zote zinazogongana, maana tumewahi kutumia sehemu kubwa ya safari kutafuta mgongano uliokuwa wa spana chini ya kiti.

Anza gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru. Sikiliza, kanyaga klachi hadi mwisho, sikiliza tena. Mkwaruzo unaosikika mguu ukiwa nje ya klachi na kupotea ukikanyaga huelekeza kwenye beringi za mwanzo za giaboksi. Unaojitokeza ukikanyaga huelekeza kwenye beringi ya klachi yenyewe. Gharama za hizi mbili hazilingani, na jaribio huchukua dakika moja.

Sasa ondoka polepole. Pita kando ya ukuta mrefu, wa shule au wa ghala, vioo vikiwa wazi. Ukuta hurudisha sauti ambazo ukiwa uwanjani hupotea. Mlio mwembamba wa "chwi, chwi, chwi", kama kifaranga, unaoharakisha gari likiharakisha, kwa kawaida ni krosi iliyokauka. Krosi nyingi za magari haya zina nipeli ya kutilia grisi, na gari linalopita majini huhitaji grisi mapema zaidi. Ukisikilizwa mapema, mlio huo huenda ukamalizwa na bomba la grisi. Ukiachwa, vumbi jekundu la kutu hutokea pembeni mwa vikombe vya krosi, na hapo grisi haisaidii tena, krosi ibadilishwe. Tunalisisitiza hili kwa sababu propela shafti inayokatika upande wa mbele gari likiwa na mwendo inaweza kuchoma barabara kama jembe.

Kisha simama, ondoka, simama, ondoka, ingiza gia ya kurudi nyuma. Kishindo kimoja cha "ndu!" kila nguvu inapoanza au kugeuka upande husema kuna nafasi mahali fulani: krosi iliyolegea, meno ya sehemu inayoteleza ya propela shafti yaliyokosa grisi, bushi za springi zilizokwisha, mpira wa kushikilia injini, au meno ya difu. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa "difu" hutajwa kwanza na huwa ndiyo yenye bei. Kata shauri kwa mkono: gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa, magurudumu yamewekewa vigingi mbele na nyuma, shika propela shafti na ujaribu kuizungusha huku na huku. Ukiona kikombe cha krosi kinacheza peke yake, umempata mshukiwa wa bei nafuu. Nafasi kidogo ndani ya difu ni ya kawaida hata kwa gari zima.

Mvumo wa barabarani

Mvumo wa mfululizo ndio unaosumbua zaidi, nasi tutakaa hapo. Toka mjini hadi upate lami iliyonyooka, isiyo na magari wala mifugo. Panda mwendo taratibu na ukumbuke mvumo unaanzia kilomita ngapi kwa saa.

Swali la kwanza: je, unafuata injini au magurudumu? Kwa mwendo uleule, badili gia. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na injini, tafuta huko mbele, kwenye injini, klachi au giaboksi. Usipobadilika, tatizo liko baada ya giaboksi. Giaboksi ina ushahidi wake wa ziada: katika magari mengi ya gia za mkono gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, basi mlio unaosikika kwenye gia nyingine na kutulia kwenye ya nne hauwezi kuwa wa difu.

Swali la pili: je, mvumo unabadilika aina ya barabara ikibadilika? Matairi yenye meno makubwa ya tope huvuma kwenye lami kwa namna inayomtisha mgeni. Ukiingia kwenye njia ya mchanga na mvumo ukapotea kabisa, na ukirudi lami ukarudi nao, chunguza matairi kwanza. Kupiga matairi upepo sahihi na kuyahamisha ya mbele yakawe ya nyuma ni jaribio la gharama ndogo: mvumo ukihama pamoja nayo, jibu limepatikana.

Swali la tatu: je, unabadilika ukikanyaga na kuachia mafuta? Difu hujisaliti hapa. Meno yake hugusana upande mmoja wakati wa kuvuta na upande mwingine wakati gari linapozuiwa na injini. Kwa hiyo mluzi unaopanda ukikanyaga na kukata mara uachiapo, au kinyume chake, ni wa meno ya difu. Mvumo mzito usiojali mafuta huelekea kuwa wa beringi.

Swali la nne ni la kona. Kwa mwendo wa wastani, kilomita 50 hivi, pindisha usukani taratibu kushoto kisha kulia. Gari likikata kulia, uzito huegemea kushoto. Mvumo ukiongezeka ukikata kulia, shuku beringi ya gurudumu la kushoto. Ukiongezeka ukikata kushoto, shuku ya kulia. Baadaye, gurudumu likiwa limeinuliwa kwa jeki mahali pagumu, mengine yamezuiwa, lishike juu na chini ulitikise, kisha ulizungushe na kusikiliza. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Beringi ya gurudumu haivumilii kuahirishwa: ikishikana, gurudumu laweza kutoka safarini.

Wenye gari la habu za mkono wana jaribio la tano ambalo wengine hawana, na ambalo tunaliona kuwa bora kuliko yote. Simamisha gari, weka transfa kwenye magurudumu mawili, na uzungushe vitasa vyote viwili vya habu hadi FREE. Hapo propela shafti ya mbele, difu ya mbele na ekseli zake zimesimama tuli ingawa gari linakwenda. Pita kipande kilekile cha barabara kwa mwendo uleule. Kisha simama, zungusha vitasa hadi LOCK, acha transfa ilipo, upite tena. Sasa magurudumu yanaiburuta mitambo yote ya mbele. Kama mvumo umekuja na vitasa, unatoka mbele. Kama haujabadilika, acha kumwangalia mbele mtu asiye na hatia. Jaribio hili halihitaji spana, na linaweza kukuokoa usifunguliwe difu isiyo na kosa.

Kelele ambayo si ugonjwa

Zipo kelele zinazotokana na matumizi. Gari lisilo na difu ya katikati, likiwa na magurudumu manne yamefungwa pamoja, halipaswi kukata kona kwenye lami. Katika kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga tairi huteleza na kulipa deni hilo, lakini kwenye lami haliwezi. Gari huwa zito, usukani hukaza, matairi hukwaruza, na transfa hugonga kwa nguvu. Hutokea sana mtu anapotoka kwenye tope la mbuga, akapanda lami akiwa amesahau kurudisha mkono wa transfa. Ukikataa kurudi, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, na mkazo utaachia. Tukio moja si msiba. Mazoea ya kila wiki huzivunja krosi na meno ambayo hapo kabla yalikuwa mazima.

Tofautisha hilo na "tak-tak-tak" inayosikika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, magurudumu manne yakivuta kwenye ardhi laini, na kuongezeka ukikanyaga mafuta. Hicho ni kiungo cha duara cha ekseli ya mbele, na hicho ni ugonjwa kweli.

Oili inayosema

Baada ya safari, acha gari lipoe kiasi, umwombe fundi uliyekwenda naye afungue kizibo cha difu. Oili ya rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Difu iliyopata moto ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa, na kama kibomba chake cha kupumulia kimezibwa na tope, maji huvutwa kupitia sili. Kwa mikoa yenye masika ya Novemba hadi Aprili, tunashauri kibomba hicho kitazamwe kila mwaka kabla ya mvua. Ute wa kijivu kwenye kizibo chenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyenye ncha si vya kawaida, na hapo bei ya gari ijadiliwe upya au safari iishie hapo.

Karatasi ya mlio

Andika siku hiyohiyo. Mwambie fundi "linalia" naye atachagua ugonjwa anaoupenda. Linganisha na maelezo haya: "Mvumo mzito kuanzia kilomita 60, haubadiliki kwa gia wala kwa mafuta, unaongezeka nikikata kulia, upo kwenye lami na kwenye vumbi, habu zikiwa wazi au zimefungwa." Maelezo hayo yamekwisha kuondoa giaboksi, difu zote mbili na matairi, na yamebakiza beringi ya kushoto. Mfanyie muuzaji vivyo hivyo: mlio ulioubaini uandikwe kwenye mkataba pamoja na kilichokubaliwa juu yake, bei ipungue au atengeneze. Akisema gari ni zima, aandike kuwa ni zima. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara, na upotoshaji wa maandishi huthibitika kwa urahisi kuliko wa mdomo.

Gereji nayo iwe na mipaka. Usiidhinishe kipuri kikubwa kibadilishwe kabla hujaonyeshwa kasoro kwa macho au kwa mkono, na kwa difu au giaboksi tafuta maoni ya fundi wa pili asiyeuza vipuri hivyo. Dai kurudishiwa kipuri cha zamani. Dai pia boksi la kipya, kwa kuwa beringi na krosi bandia zinafanana mno na halisi zikiwa zimefungwa tayari, na huanza kulia upya baada ya miezi michache. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85, lakini kipuri kisicho na boksi wala risiti ni vigumu kumfuatilia aliyekiuza.

Mlaji anayeleta lalamiko Tume ya Ushindani aje na risiti ya EFD, mkataba wa mauziano, karatasi ya mlio yenye tarehe na kilomita zilizosomeka siku hiyo, na kipuri kilichotolewa, kikiwa na grisi yake hivyohivyo, bila kuoshwa.